Kazi Niliyosema ni ya Anko

Lanet, Nakuru
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku chini, ambako mchana jua linachoma mabati na vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Mwili wangu ni mzima. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, hujainama shambani. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama, au bado mnamngoja? Mwambie Baba asitoke asubuhi bila lile koti zito. Kifua chake nakijua.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ya nyumbani huwa mnaiweka mezani kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie, na huku Anti Wangari hukaa kando yangu nikiongea. Kuna maneno ambayo siwezi kuyasema mbele ya dada yako. Na unanijua, nikiongea mimi hukwama. Baba Kiprono ameniahidi kwamba akishusha viazi sokoni na kurudi Molo na lori, atakukabidhi barua hii mkononi. Nimemwomba asimpe mtu mwingine.

Anti aliwapigia akawaambia kwamba mume wake, Anko Kariuki, amepata kazi ya kompyuta, na Baba akaomba sala ndefu ya shukrani. Pengine kufikia sasa amepiga tena kuwaambia kwamba kazi hiyo imekwisha na mimi ndiye niliyeivunja. Yote mawili ni kweli. Lakini katikati yake kuna mambo ambayo hajakwambia, na nataka uyasikie kutoka kwangu.

Nianze na ile mashine. Mliponituma huku baada ya kidato cha nne, nilikuja kumsaidia Anko dukani kwake. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi kwenye televisheni, kupokea simu za kuchajiwa, na kuwaambia watu kwamba fundi anakuja sasa hivi. Watu wenyewe wamepungua. Siku hizi televisheni ikiharibika mtu ananunua nyingine, na Anko hushinda ameketi kwenye kiti nje ya duka akitazama barabara. Nyuma ya duka palikuwa na kompyuta ya zamani sana iliyotolewa kwenye ofisi ya chuo fulani kilichofungwa. Skrini yake ina mgongo mrefu kama mtungi uliolazwa, na haijui rangi nyingine ila kijani. Anko aliifungua, akabadilisha vipande vilivyokuwa vimevimba kwenye sehemu ya umeme, ikawaka. Hiyo ilikuwa kazi yake na aliifanya vizuri. Simnyimi haki yake. Lakini hakuna mtu aliyeitaka. Haina intaneti, haina muziki, haionyeshi picha. Kwenye gunia ilimoletwa kulikuwa na kitabu cha kufundisha jinsi ya kuiandikia maagizo, nami nikawa nakisoma wateja wakikosekana. Walikosekana sana.

Sijui nikueleze vipi, Mama. Unaandika mstari, na mashine inafanya ulichoandika, hata kama si ulichokusudia. Ukikosea haikasiriki, haikucheki, haikuulizi kwa nini unaongea chinichini. Inakungoja tu mpaka urekebishe. Anko alikuwa akilalamika kwamba nachoma umeme bure, kisha anaenda zake kukaa nje, nami naendelea.

Nilichotengeneza ni mchezo, na mchezo wenyewe ni shamba letu. Nimelichora kwa herufi, mistari ya viazi kuanzia kule juu kwa mwerezi hadi chini karibu na mto. Kila jioni mashine inakuonyesha hali ilivyo: kama mbingu ina mawingu au iko wazi, kama upepo umetulia, kama moshi wa jikoni unapanda au unalala juu ya ua. Una mafungu machache ya nyasi mbichi. Unatakiwa ujue usiku ambao baridi itachoma viazi, ili uwashe moshi upande wa chini, kwa kuwa baridi hushuka na kukaa mabondeni. Ukiwasha siku isiyofaa, nyasi zinakwisha, na siku yenyewe ikifika huna kitu. Unaona, Mama, ni wewe. Ni vile unavyosimama mlangoni jioni bila kusema neno, halafu unatuambia tuvae viatu tutoke. Nilijitahidi kukumbuka kila unachotazama na unakitazama kwa mpangilio gani. Ukishindwa, mashine inaandika: Viazi vimeungua. Panda tena mvua ikirudi.

Basi Anko akasikia kwamba kutakuwa na tamasha la kompyuta za zamani mjini, kwenye ukumbi wa kanisa moja. Watu wanaokusanya mashine za kale wangezileta, wengine hata kutoka Nairobi, wazionyeshe na kuonyesha programu walizoziandikia. Alifikiri huenda akapata mtu wa kuinunua ile yetu. Tukaifunga kwa blanketi, tukaibeba kama mgonjwa.

Sijawahi kuona mahali kama pale. Meza zilipangwa ukumbi mzima, na juu yake mashine za kila aina, nyingine na kibodi nene kama tofali, nyingine zikisoma programu kutoka kwa kaseti za redio. Palikuwa na harufu ya vumbi lililopashwa moto. Wanafunzi wengi walikuja na simu zao. Kijana mmoja alisimama mbele ya meza yetu akamuuliza Anko, "Boss, hii ni TV ama ni nini?" Anko akamjibu, "Ni shosho, nyanya ya hiyo simu yako. Isalimie kwa heshima." Watu wakacheka, kijana akaisalimia kweli, kisha akaketi kucheza. Viazi vyake viliungua usiku wa kwanza. Akacheza tena. Wenzake wakaanza kumpigia kelele wakimwambia awashe nyasi, wengine wakimwambia angoje. Nilisimama nyuma ya Anko, kisigino kikigusa ukuta, nikafurahi kuliko siku yoyote tangu nitoke nyumbani.

Halafu akaja Madam Akinyi. Yeye anaongoza shirika dogo linalotengeneza kompyuta za zamani na kuzipeleka katika shule za mashambani, kule ambako intaneti haifiki. Alicheza mara ya kwanza akashindwa. Mara ya pili akakaa akaisoma jioni vizuri, akapoteza mistari michache tu ya viazi. Mara ya tatu akavuna. Akageuka akauliza, "Nani ametengeneza hii?"

Anko alikuwa amesimama kando yangu. Kulikuwa na wazee wengine pale, na wote walikuwa wakinitazama. Nikasema, "Ni kazi ya Anko."

Mama, wewe utaelewa, hata kama hapa hakuna aliyeelewa. Pasta akija nyumbani akisifu chai, nasema ni ya Mama, na mimi ndiye nimepika. Wageni wakisifu maziwa, wewe unasema ni ya Mzee, na Baba hajagusa kiwele tangu nizaliwe. Kisha Baba anacheka, anasema, "Muulizeni huyu mwenyewe," na kila mtu anajua. Ndivyo tunavyofanya. Wewe unampa mkubwa, na mkubwa anakurudishia mbele ya wageni. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa nangoja zamu ya Anko.

Anko alinitazama. Nilimwona akimeza mate. Akamgeukia Madam akasema, "Tunajaribu tu, Madam."

Watu wakapiga makofi. Nikaendelea kungoja. Nilijiambia atasema wakimaliza kupiga makofi, kisha nikajiambia atasema Madam akimuuliza swali. Na akaulizwa. Madam alitaka kujua mashine inachagua vipi usiku wa baridi kali. Anko akasema, "Inachagua tu yenyewe. Ni kama kamari."

Hapo ndipo nilipoumia. Jina ningeweza kulikosa. Lakini si kamari. Hakuna hata usiku mmoja kwenye ule mchezo unaochaguliwa ovyo. Nilifungua mdomo, na wakati huohuo kikaingia kikundi kingine cha wanafunzi, Madam akamshika Anko mkono wakaenda kuongea pembeni. Nilibaki nikiwaonyesha wanafunzi pa kubonyeza.

Alichomwambia pembeni ni kwamba wanatafuta mtu mmoja wa kuwaandikia michezo kama ule, ya mifugo, ya mboga, ya mvua, na kwamba wana nafasi hiyo moja tu. Tulipofika nyumbani Anti alilia kwa furaha. Akachinja jogoo. Hapo ndipo alipowapigia, na sauti yako ikatoka kwenye simu ikimwambia Anko kwamba Mungu hasahau mtu wake. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya ugali. Ulipouliza kama Nyambura pia amefurahi, nilisema ndiyo.

Asubuhi iliyofuata Anko alinikuta dukani. Hakunitazama usoni. Akasema, "Wewe ndiye uliwaambia hivyo, Nyambura. Mimi sijamdanganya mtu." Nilishika kitambaa nikafuta televisheni. Akasema tena, sasa kwa upole, "Wewe andika, mimi nipeleke. Ni ya familia hii. Ukiona mtoto wangu anaenda shule, ujue ni wewe."

Sitaki umwone kama mtu mbaya. Hajawahi kuninyima chakula wala kuniinulia sauti. Nafikiri siku ile kule ukumbini aliona mlango umefunguka na miguu yake ikaingia kabla yeye hajafikiri. Nikamwandikia mchezo wa pili, wa ng'ombe wa maziwa. Wakati nauandika nilijaribu kufurahi kama mara ya kwanza, lakini haikuwezekana. Nilikuwa kama mtu anayepika chakula kitakacholiwa kwingine.

Shida ilianza walipomtaka aubadilishe akiwa palepale ofisini kwao. Walitaka ng'ombe akikosa maji apunguze maziwa polepole, yasikatike mara moja. Anko hawezi kusoma hata mstari mmoja wa yale maagizo. Akanipigia simu akiwa nyuma ya choo cha ofisi, akinong'ona, "Ile mahali ya maziwa inabadilishwa aje?" Nikamwambia mstari kwa mstari, yeye akiandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu. Nilisikia mtu akimuita na yeye akijibu, "Nakuja, tumbo tu." Jioni alirudi akiniigizia jinsi alivyotembea amekunja ngumi ili jasho lisifute kiganja. Anti alicheka hadi akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaingia chumbani nikakaa.

Alinipigia tena, na tena. Kila mara ilikuwa vilevile, kunong'ona na kuharakisha. Wiki iliyopita simu ikalia nikiwa peke yangu dukani. Anko akasema Madam ameketi ndani anamngoja, anataka ule mchezo wa kwanza, wa viazi. Anataka usiku wa baridi uchaguliwe kwa utaratibu ambao mwalimu anaweza kuufundisha darasani, kwa sababu aliambiwa ni kamari. Nimwambie upesi.

Nilisema, "Anko, mpe Madam simu."

Akaniambia tena nifanye upesi.

Nikasema, "Mpe simu. Nitamweleza mwenyewe." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka hadi nikaona aibu, lakini sikuirudisha. Anko alipumua tu. Halafu akakata.

Usiniulize nguvu zilitoka wapi. Labda ni kwa vile utaratibu anaoutaka Madam ulikuwa umo ndani tangu mwanzo, umekaa pale, na unakaribia kufutwa ili mahali pake pawekwe mwingine. Kesho yake asubuhi, kabla Anko hajaamka, niliondoka nikaenda ofisini kwao mjini. Nilisimama mlangoni hadi askari akaniuliza kama nimepotea. Madam alipokuja nilimwambia yote bila kuketi. Akaniweka mbele ya mashine. Nikamfungulia mistari ya mbingu, mistari ya upepo na mistari ya moshi, nikamweleza kwamba moshi ukilala na mbingu ikiwa wazi na upepo ukifa, hapo hakuna kamari tena. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza nani alinifundisha mambo hayo ya baridi, nikamwambia ni wewe.

Kisha akaniuliza, "Sasa kwa nini ulisema ni yake?"

Nilisema, "Kwa sababu yeye ni mkubwa."

Nilijua hajaelewa, na nilivyozidi kutafuta maneno ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Alisema anasikitika. Wafadhili wa shirika lake hawatamweka kazini mtu aliyewadanganya, kwa hiyo Anko hataendelea. Lakini pia hawezi kunichukua mimi, kwa kuwa mchezo wa pili niliuandika nikijua unapelekwa kwa jina la mtu mwingine, na nilipigiwa simu nikajibu, na nikanyamaza. Akasema nitafute nafasi kwingine, nina akili nzuri. Ule wa viazi ulikuwa umekwisha kunakiliwa kwenye diski na kusambazwa shuleni, na jina la Anko limeandikwa kwenye kila diski. Niliuliza kama unaweza kurudishwa. Akasema, "Umeenda, mama. Umeenda."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sijaficha kitu.

Sasa nyumba hii imenyamaza. Anti anaweka chakula changu mezani kisha anatoka nje, na watoto wameambiwa wasinisumbue. Jana aliongea nami mara moja tu. Alisema, "Ungeongea siku ile kule ukumbini, tungekula kidogo na tukashukuru. Ungenyamaza hadi mwisho, tungekula. Wewe umechagua siku ya kutuua." Siwezi kusema amenionea, Mama, kwa sababu kuna mahali ambapo ana haki. Anko hajanigombeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Amerudi kwenye kiti chake nje ya duka. Ile mashine ameifunika kwa gunia. Nilipopita karibu nayo alisema tu, bila hasira, "Wacha hiyo."

Nimemwomba Anti msamaha kwa sababu kazi imepotea na yeye ana watoto. Nilipiga magoti. Lakini alitaka pia niseme kwamba nilikosea kwenda kwa Madam, na hilo nimeshindwa. Nilijaribu kulisema, likakataa kutoka. Wewe unajua mimi si mtu wa kubishana na wakubwa. Nadhani hata yeye alishangaa.

Atakwambia nirudi Molo, na nitarudi. Baba Kiprono amesema ana nafasi mbele safari ijayo. Nitalima, nitakamua, nitafanya lolote lililopo. Huku sina kitu cha kuchukua ila nguo zangu. Sijui kama nitaona tena mashine kama ile. Usinitafutie maneno ya kunituliza nikifika. Nipe tu jembe.

Nisalimie Baba, na umsomee sehemu unazoona zinafaa. Nakuachia wewe uchague. Msalimie Shosho, umwambie bado nalala na ile shuka aliyonishonea. Msalimie Mwangi anayenifuata, asiache kusoma kwa sababu ya haya yangu. Salamu kwa Mama Chebet jirani yetu, aliyenipa viatu vya safari, na kwa Pasta, ambaye najua aliwatangazia watu kanisani habari njema za Anko.

Na hapo kwa Pasta nina ombi. Kanisani watauliza ule mchezo ulioenda mashuleni ni wa nani. Huenda hata mtoto wa shule huko kwetu akauona. Najua itakujia haraka kusema ni wa Anko, au ni wa Mzee, au ni wa Mungu tu, kama tunavyosema kila siku. Tafadhali, mara hii moja, usifanye hivyo. Usingoje mtu mwingine anirudishie. Baridi ni yako, na mchezo niliutengeneza mimi. Hakuna mahali pengine popote patakaposema hivyo, kwa hiyo liseme wewe, kwa sauti, nikiwa nimesimama hapo.

Ni mimi binti yako,
Nyambura